Francine na Maneno Yake ya Kuondoka

Jumatatu, 11 Septemba 2023

Francine amefika. Ninaanza kuandika leo kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitagombana na nyumba nzima.

Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja. Alitoka hapa Kindu mwaka 2002, leo njo anarudi, ndiyo leo, na sanduku la magurudumu ambalo lilikwama katika matope mbele ya mlango wangu. Sikutoka kumsaidia. Miaka yote hiyo yuko Zambia. Akanikumbatia, ananuka marashi, akaniita yaya, dada mkubwa, kama zamani: "Yaya, umezeeka." Mimi! Nikamwambia aingie, mvua inakuja.

Nicole, niliyemlea mimi, akatoka jikoni na mikono ya unga. Anajua tangu utoto kwamba Francine ndiye aliyemzaa. Sikumficha hata siku moja. Alimpa mkono akasema, "Jambo, Tantine." Tantine! Shangazi tu, si mama. Nilifurahi, sitasema uongo. Francine alicheka na meno tu.

Alhamisi, 14 Septemba

Kumbe hakuja kutusalimia. Leo, huku anakula samaki wangu, alitangaza kwamba amempatia Nicole nafasi katika shule ya wauguzi kule kwake Zambia, Ndola. Masomo yanaanza Januari, yote kwa Kiingereza. Kwa hiyo atamfundisha msimu huu wote wa mvua, kisha watapanda pamoja treni ya Lubumbashi mwisho wa mwaka na kuvuka mpaka.

Nicole aliniangalia. Nikasema samaki ana miiba, wale polepole.

Jumatatu, 18 Septemba

Baraza yangu imekuwa shule. Francine amepata ubao mahali gani sijui, na wanafunzi pia: jirani yetu Blaise wa pikipiki, ambaye anataka kubeba wazungu wanaokwenda Kampene kutazama dhahabu, na wasichana wawili wa jumuiya ya kanisa. Saa kumi na moja kamili Nicole anaacha sahani za wateja majini na kwenda kuketi mbele. Malewa yangu, hiki kibanda changu cha chakula, iko hatua chache kutoka gare ya treni, watu wanakuja na njaa, na mimi ninaosha sahani peke yangu kama vile sikuzaa.

Nicole sikumzaa. Basi, nimeandika, ibaki hivyo.

Jumatano, 20 Septemba

Mvua. Wali uliungua.

Jumanne, 26 Septemba

Ukuta wa jiko ni mbao, ninasikia kila kitu. Francine hafundishi salamu wala namba. Anafundisha kuondoka. Ati Kiingereza kinabeba kitenzi kidogo na kukitia mkia, na kila mkia una kuondoka kwake. "Go away." "Set off." "Run away." "Take off", hiyo ni ya ndege, lakini hata mtu anayekimbia ghafla unaweza kumsemea hivyo. Wanaimba wote pamoja na sauti ya Nicole njo inapita zote.

Nilimuuliza Blaise alipokuja kula, kwa nini maneno hayo tu. Akasema, "Mama Emerance, mwalimu anasema muntu anaanza na kile anataka kufanya." Nikamuuliza watu wenye maneno mengi hivyo ya kuondoka, kwao nani anabaki? Akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikuwa ninachekesha.

Jumapili, 8 Oktoba

Nicole amemwita "Mama Francine". Si Tantine tena. Ilikuwa mara moja tu, akimpitishia chumvi, lakini nilisikia na Francine alisikia. Kila mmoja akarudi kwenye sahani yake.

Ijumaa, 13 Oktoba

Blaise ametengana na mchumba wake. Alikuja darasani na habari hiyo kama mtu aliyeshinda tuzo, kwa sababu Francine alikuwa amewafundisha "break up" jana. Pumbavu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua ya siku tatu. Paa linavuja upande anaolala Francine. Sijaita fundi.

Jumapili, 29 Oktoba

Leo nimesema. Nitaandika yote.

Jumapili hii hawakuwa na kazi, wakasoma mchana. Francine aliandika ubaoni "leave behind" na kueleza: unaondoka, na kitu kinabaki nyuma yako. Akatoa mfano, ati aliacha mkoba wake katika basi. Wakarudia mkoba na basi, mkoba na basi, wote na furaha. Nilikuwa ninasonga ugali. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Mwalimu," nikasema, "mimi pia niko na mufano."

"Yaya, tafadhali," akasema. "Si mbele ya watu."

"Mbele ya watu njo vizuri. Muulizeni mwalimu wenu kama ni mukoba tu aliacha."

Blaise aliinuka wa kwanza, wasichana wakamfuata, hakuna aliyeaga. Nicole aliingia ndani. Tukabaki mimi na Francine na ubao.

Alisema, na sauti ya chini, kama vile alikuwa ameyapanga njia nzima kutoka Zambia: "Mutoto alikuwa na homa. Maziwa yangu yalikauka. Mji ulikuwa umezungukwa, barabara ya Kabambare ilikuwa pori tupu, na bunduki kila upande. Ulitaka nimubebe afe mugongoni?"

"Nilitaka urudi!"

"Nimerudi."

"Ulirudi kwa mutu muzima! Nani alimuogesha? Nani alimulaza? Nani alimupeleka shule?"

"Wewe. Ninajua ni wewe. Kila siku ninajua."

Kama angenitukana ningetulia. Lakini alikubali, akainamisha kichwa, na kile kilichokaa tumboni mwangu miaka hii yote kikapanda.

"Unamukumbuka Dieumerci?" nikamuuliza.

"Mutoto wako. Malaria ilimubeba. Kaka yetu Anaclet aliniambia."

"Anaclet anasema malaria kwa sababu nilimuambia aseme hivyo. Haikuwa malaria. Ilikuwa mwaka ule ule, Francine. Mji umefungwa, hakuna muchele, hakuna samaki, tunakula majani, na watoto wawili kwa ziwa langu moja. Dieumerci alikuwa mukubwa kidogo, alikuwa anaota meno. Wako alikuwa mugonjwa, analia usiku na mchana. Nikasema huyu wangu ana nguvu, atangoja. Akangoja mpaka akamalizika."

Francine aliketi chini, pale pale, na sketi yake nzuri. Hakulia. Nilifurahi kumwona hivyo, halafu nikageuka na kumwona Nicole amesimama mlangoni.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nicole hakula. Mchana alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Ulinyamaza maisha yangu yote," akaniambia. "Umekuja kuyasema sasa, wakati ninataka kuondoka. Kwa nini?"

Nikamwambia ilitoka tu, hasira.

"Hapana. Umenifunga kamba. Nikienda sasa, ninamuacha Dieumerci pia. Sikumuua mimi, Mama mukubwa."

Mama mukubwa. Ndivyo mtoto anavyomwita dada mkubwa wa mama yake, ni neno la heshima kabisa, hakuna atakayemlaumu. Nilimlea miaka ishirini na zaidi na sikulisikia kinywani mwake hata siku moja. Nikamwambia aniletee makaa.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua. Mama mukubwa chumvi iko wapi. Mama mukubwa mteja anauliza mboga ya sombe. Nyumba nzima imejaa Mama mukubwa.

Darasa limerudi barazani. Wanasoma polepole siku hizi, kama watu walio matangani.

Jumapili, 19 Novemba

Kampeni ya uchaguzi imeanza, watu wote wamevaa fulana za bure. Anaclet, kaka yetu, alivuka mto kutoka Alunguli kuja kutusikiliza. Yeye njo mjomba wa Nicole, bila yeye hakuna kinachofungwa wala kufunguliwa katika ukoo. Alimuuliza Nicole kwanza.

"Ninataka kwenda, mujomba," Nicole akasema. "Si kwa sababu ya Mama Francine, wala si kwa kumukimbia mutu. Ninataka kazi ya kutunza wagonjwa. Lakini bila maji siendi."

Nilijua litafika hapo. Katika ukoo wetu mtu hafungi safari ndefu bila kupuliziwa maji na mama yake. Anapiga magoti, mama anajaza mdomo, anampulizia kifuani, basi, ameachiliwa. Asiyepuliziwa, hata abiria wenzake hawataki kuketi naye. Na maji yakimezwa hayakubariki mtu.

Francine akasema haraka haraka, "Mimi nitamupulizia, nimemuzaa."

Anaclet akainua mkono. "Ngoja. Mudomo ni mumoja. Anayepulizia njo mama, mbele ya watu wote, na hatutarudi kuuliza tena. Akipulizia wa pili anafuta maji ya wa kwanza. Emerance, wewe ulimulea, kwa hiyo ninaanza na wewe. Unakubali?"

Wote wakaniangalia. Ebu fikiria ujanja wa jambo hili. Nikikubali, mimi njo mama, na kazi yangu ya kwanza na ya mwisho kama mama ni kumfungulia mtoto mlango. Nikikataa, Francine anapulizia, anakuwa mama, na mtoto anakwenda vile vile.

Nikasema mdomo wangu si bomba la mji. Nikaenda kugeuza samaki.

Jumatano, 22 Novemba

Francine amenunua kikombe kipya, cheupe. Amekiweka juu ya kabati langu la vyombo, mahali ninapokiona nikiwa nimesimama na nikiwa nimeketi.

Jumatatu, 27 Novemba

Mteja mmoja aliniuliza kwa nini wali una mawe. Nikamwambia apeleke meno yake kwingine.

Jumapili, 3 Desemba

Mvua imebeba reli upande wa Kibombo. Watu wa gare wanasema treni haipiti mpaka udongo urudishwe. Nilisikia habari hiyo sokoni nikanunua nyama, nusu kilo. Tulikula wote, mimi peke yangu nikiwa na furaha.

Njoo mvua, mama. Nyesha. Bomoa na daraja.

Jumanne, 5 Desemba

Inanyesha. Vizuri.

Alhamisi, 7 Desemba

Nicole ana homa. Nilikaa naye mchana kutwa, nikamfuta uso kwa kitambaa cha baridi. Katika usingizi alisema maneno ya Kiingereza, sikuelewa hata moja. Francine alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Nikamwacha asimame.

Jumapili, 10 Desemba

Homa imeisha. Asubuhi Nicole na Francine walitoka pamoja bila kuniambia wanakwenda wapi. Walirudi na matope mpaka magotini, na kwa udongo ule mwekundu nikajua ni makaburini. Walikuwa wamepalilia kaburi la Dieumerci. Nicole alikuwa amejikata kidole kwa majani, akanionyesha kama mtoto.

Baadaye Francine alikuja jikoni, akachukua kisu, akaanza kuparua magamba ya samaki bila kuombwa. Anaparua vibaya, amesahau. Akasema bila kuniangalia, "Maji ni yako, Yaya. Nimeshamuambia Anaclet. Wewe njo mama yake. Mimi nitasimama pembeni."

Nilitaka kumpiga na yule samaki. Mtu akikunyang'anya kitu unajua la kufanya. Akikurudishia, akakuwekea mkononi kwa upole, utamfanya nini? Nikamwambia anaharibu ngozi ya samaki, aniachie kisu.

Jumanne, 12 Desemba

Anaclet amepita. Anasema vizuri, safari hii sikukataa maji ya Nicole, mambo yamenyooka, halafu akaleta lingine. "Na Francine? Naye anasafiri. Mama yetu amekufa, yaya mukubwa njo mama. Mwaka ule alikimbia bila maji, na umeona vile alitangatanga. Safari hii umupulizie."

"Aombe," nikasema.

"Anakuogopa."

"Basi aogope akiwa amepiga magoti."

Anaclet akatikisa kichwa, akaomba wali.

Jumatatu, 18 Desemba

Mvua imepungua. Wanaume wamekwenda kutengeneza reli, wamebeba sepetu na nyimbo. Kila mtu gare anafurahi.

Jumamosi, 23 Desemba

Somo la mwisho. Francine alifundisha "see off", maana yake kumsindikiza anayeondoka mpaka mahali pa kuondokea. Nilikuwa nimeketi kizingitini ninachambua mchele, hawakunifukuza. Blaise alimuuliza Francine kama kuna neno la yule anayerudi nyumbani baada ya kusindikiza. Francine alifikiri sana, kisha akasema halijui. Alifuta ubao kwa khanga yake.

Ninakubali, anafundisha vizuri. Hatalisikia kutoka kwangu.

Jumatatu, 25 Desemba

Misa. Kuku. Nicole alicheza muziki na wasichana wa jumuiya mpaka kiatu kikakatika.

Jumanne, 26 Desemba

Treni imeingia.

Alhamisi, 28 Desemba

Nimerudi kutoka gare. Miguu yangu ni matope matupu.

Tulikwenda kwa miguu, ni karibu. Watu walikuwa wengi, mizigo, mbuzi, magunia ya mchele. Anaclet alitutafutia nafasi kando ya behewa na kuwasogeza watu nyuma. Nilikuwa nimebeba kile kikombe cheupe. Nilitaka kuja na changu cha bati, lakini Nicole mwenyewe njo alinipa hiki.

Alipiga magoti kwenye kokoto, na nguo yake mpya ya safari, bila kutafuta mahali pakavu. Nikamwambia, "Utaumia magoti." Akasema, "Hapana, Mama."

Mama. Alilisema kawaida kabisa, mbele ya Francine, mbele ya gare nzima. Nikajaza mdomo upesi, kwa sababu kama ningebaki na mdomo mtupu ningepiga kelele asiende. Nikampulizia kifuani. Nguo ikamshika mwilini, akafumba macho, wanawake wakapiga vigelegele. Ndivyo nilivyokuwa mama yake kwa ukoo na kwa mji, na ndivyo nilivyomwachilia. Nilimwinua nikamshika. Nilimnong'oneza asile chakula cha barabarani. Nilikuwa na mambo mengine mengi, likatoka hilo.

Kikombe kilikuwa kimebaki na maji, nusu.

Francine alikuwa amesimama pembeni, kama alivyoahidi. Aliona maji, akaniona mimi. Alifungua kifungo cha juu cha koti lake, polepole, na mkono ukabaki hapo shingoni. Anaclet alinigusa kiwiko. Nikayatia yote mdomoni.

Nikangoja. Mdogo anapiga magoti, hata akiwa mwalimu, hata akiwa na koti la Zambia. Tuliangaliana. Nilimwona mvi mbele ya kichwa, nilimwona mikunjo ya mama yetu pembeni mwa mdomo, na moyo wangu ulisema mpulizie hivyo hivyo akiwa amesimama, we mwanamke, nani ataona? Sikupulizia. Nilimwonyesha chini kwa macho. Yeye alitazama chini, akatazama juu, na midomo yake ikaanza kusema kitu, na honi ikalia. Watu wakasukumana. Nicole akamvuta mkono kutoka mlangoni mwa behewa, "Mama Francine, panda, panda!" Akapanda.

Nilifuata behewa. Nilitembea, kisha nilikimbia, mimi na mwili huu wangu, mashavu yamejaa, ninawagonga watu. Nilimwona dirishani. Alinyoosha kichwa nje, kifungo bado kimefunguliwa. Kama angekuwa karibu kwa mkono mmoja tu ningempulizia, magoti au si magoti. Ninaapa. Treni ikashika mwendo, kokoto zikaisha, nikafika kwenye majani marefu, na ikaenda.

Nikageuka kurudi. Watu waliniamkia njiani, sikujibu, waliona labda ninalia. Sikulia. Nilikuwa ninayashikilia yale maji. Sijui nilikuwa na mawazo gani. Pengine kwamba maadamu yako mdomoni, bado hayajaharibika, bado ni yake, na treni haijafika hata Kibombo.

Mbele ya malewa nilimkuta Blaise, anapangusa pikipiki yake. Akainuka, akavua kofia.

"Mama Emerance, mwalimu amekwenda?"

Nilimtikisia kichwa. Hakuelewa, yule mjinga, akasogea karibu, akaniuliza tena kwa sauti kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi: "Amekwenda? Na baraka yako, au bila?"

Hasira ikanipanda. Nikameza ili nimjibu.

"Kinakuhusu nini?" nikamwambia.